Mpiga kinanda akiwa prodyuza, mkono wa kushoto upumzike

Mhariri,

Kwaya nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zinarekodiwa na prodyuza aliyeanza kama mpiga kinanda kanisani. Sababu inajulikana: ndiye mwenye kinanda, ndiye aliyetangulia kununua kompyuta, na masikio yake yameshazoea sauti zote nne. Ni njia nzuri ya kuingia studio. Kinachoniuma ni kwamba wengi wakishakalia kiti cha prodyuza wanaendelea kupiga kinanda tu, na nyimbo zinatoka nzito, zimejaa kila mahali, maneno ya mwimbaji huyapati.

Chanzo kikubwa ni mkono wa kushoto. Kanisani, ambako mara nyingi hakuna gitaa la besi, mkono huo lazima ubebe chini yote. Studio besi ipo. Waya wake mnene ukipigwa wazi unatoa Hz 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), na sauti ya nne ya wanaume inaanzia karibu Hz 80. Sasa mpiga kinanda akikandamiza do-mi-so katika oktavu iliyo chini ya do ya kati, anaangukia kati ya Hz 130 na 260, palepale walipo wanaume na besi. Hapo wimbo unageuka uji. Mafundi wengi hukimbilia kupunguza masafa hayo kwenye mchanganyo, lakini ukiyakata kwenye sauti za watu nao wanapoteza kifua. Dawa ni kurudi kwenye upigaji wenyewe: zima mkono wa kushoto wote, sikiliza ubeti mmoja, kisha rudisha noti mbili tu, mi na so, oktavu moja juu. Do iachie besi. Mara nyingi utagundua kwamba hata hizo mbili hazihitajiki mpaka kiitikio.

Booker T. Jones wa Memphis, Marekani, ni mfano wa kusomwa na kila mpiga kinanda anayetaka kazi hii. Alizaliwa mwaka 1944, na mwaka 1962 ogani yake ilikwishavuma nchi nzima. Hakuridhika na umaarufu huo; alisoma muziki Chuo Kikuu cha Indiana huku akiendelea kurekodi. Mwaka 1971 ikatoka albamu ya kwanza ya Bill Withers, yeye akiwa prodyuza, na mwaka 1978 Stardust ya Willie Nelson, ambayo pia aliipangia muziki. Sikiliza hizo mbili kwa hedifoni. Aliyekuwa bingwa wa ogani amekaa nyuma, na mwimbaji unamsikia hadi pumzi.

Baada ya mkono wa kushoto, ufunguo. Mwimbaji wa solo aimbe sehemu ya juu kabisa ya wimbo bila ala, mara tano mfululizo, kwa nguvu ileile ya siku ya kurekodi. Shingo ikianza kukaza mara ya tatu, shusha nusu toni na urudie. Na anayetegemea kitufe cha transpozi, kinachohamisha ufunguo wa kinanda, aandike namba yake kwenye karatasi mbele ya macho, kwa sababu vinanda vingi umeme ukikatika hurudi sifuri vikiwaka, na ubeti wa pili unarekodiwa katika ufunguo mwingine bila mtu kushtuka.

Staili za ndani ya kinanda, yaani midundo iliyotayarishwa humo, zisitumike kwenye nyimbo zinazoenda sita kwa nane. Ukiilazimisha staili ya nne kwa nne, kwaya itaikimbiza hadi mwisho. Rekodi kwanza ngoma na kayamba za watu halisi, metronomu igonge kwenye pigo kubwa tu, mara mbili katika kila mapigo sita.

Chumba nacho. Trei za mayai ukutani hupunguza kidogo mwangwi wa juu; besi haiziogopi, kelele za barabarani zinapita, na moto ukitokea zinawaka haraka. Weka magodoro kwenye kona na mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji. Epuka chumba cha mraba. Cha mita 3 kwa 3 huvimbisha noti za karibu Hz 57 kutoka pande zote mbili, prodyuza anadhani besi imezidi, anaipunguza, halafu wimbo ukipigwa kwenye daladala besi haipo. Mvua juu ya bati haina dawa ya kompyuta, kwa hiyo kwaya nzima irekodiwe kati ya Juni na Oktoba.

Miezi hiyo ina baridi yake, na kule Makete au Mufindi asubuhi nyaya za gitaa huwa zimejikaza. Ukiziwianisha chumba kikiwa tupu, kisha waimbaji ishirini wakaingia na kukipasha joto, nyaya hulegea na gitaa linashuka, ilhali kinanda kimebaki kwenye la ya Hz 440. Watu wanalaumu waimbaji bure. Waingie wote, mkae robo saa, ndipo gitaa lirekebishwe.

Kwenye kompyuta, bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi: kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3. Ukiiacha 1024 ni milisekunde 23 hata kabla ya kuhesabu safari ya kurudi, na mwimbaji anayejisikia amechelewa ataanza kuburuta. Ipandishe wakati wa kuchanganya. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti visipite desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo ukomo kabla sauti haijapasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki.

La mwisho naliomba kwa walimu wa kwaya na kamati za muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, inamlinda mwimbaji na mpigaji, na inamlinda aliyetengeneza rekodi, kila mmoja kwa haki yake. Kabla ya malipo ya awali, andikeni karatasi moja inayotaja nani ametunga, nani amepanga muziki, nani amepiga nini na masta, yaani rekodi kuu, ni ya nani, kisha wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Karatasi hiyo itaje pia kwamba kwaya itapewa kila sauti na kila ala katika faili yake ya WAV, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Faili ya programu ya kurekodia peke yake haitoshi, maana prodyuza akibadili kompyuta au programu inaweza isifunguke tena.

Mpiga kinanda na prodyuza,
Mwanjelwa, Mbeya