Padri wa kisiwani naye anahitaji padri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mapadri wanaohudumu visiwani, hususan katika Ziwa Victoria, nilikozaliwa na kukulia kabla ya kuhamia hapa Dar es Salaam.

Parokia yetu hapa jijini imeanza michango ya jubilei ya upadri ya paroko wetu, nami nimechanga kwa moyo mweupe. Lakini kila bahasha inapopita jumuiyani namkumbuka padri aliyekuwa akija kigangoni kwetu Ukara. Alikuja kwa mtumbwi, sanduku la vifaa vya misa limefungwa kwa nailoni na kupakatwa kama mtoto, kanzu imelowa mpaka kiunoni. Mama zetu wakiwa bado wanaianika juu ya mpera, yeye alikuwa amekwisha kuketi chini ya mwembe akisikiliza maungamo hadi jua linapinduka. Alifika mara moja kwa mwezi, upepo ukiruhusu. Jumapili nyingine zote katekista ndiye aliyeongoza ibada.

Bibi yangu alifariki akimsubiri. Ziwa lilikuwa limechafuka siku mbili mfululizo, katekista akamsalia rozari, ila mpako wa wagonjwa hakuupata, kwa kuwa hakuna awezaye kuutoa isipokuwa padri. Simlaumu padri yule hata kidogo. Wasioyajua maji yale wakumbuke Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la Bwisya, papo hapo Ukara, wakafa watu 228.

Hata hivyo, naamini mzigo mzito zaidi wa padri wa kisiwani si mawimbi, bali ni upweke. Mtakatifu Damien, padri kutoka Ubelgiji aliyejitolea mwaka 1873 kwenda kuishi na wagonjwa wa ukoma waliotengwa katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, aliwajengea nyumba, akawafunga vidonda na kuwachongea majeneza kwa mikono yake, mpaka ukoma ukampata naye, akafariki Aprili 15, 1889 akiwa na umri wa miaka 49. Inasimuliwa kwamba siku moja mkuu wa shirika lake alifika kwa meli akakatazwa kushuka, naye Damien akakatazwa kupanda. Basi akaungama akiwa ndani ya mashua, akipaza sauti kwa Kifaransa ili walio karibu wasielewe, na mwenzake akamwondolea dhambi kutoka juu ya meli. Kila niisomapo habari hiyo najiuliza: yule wa kwetu, aliyetusikiliza sote chini ya mwembe, yeye aliungama kwa nani, na jioni ziwa lilipochafuka alizungumza na nani? Padri hawezi kujiondolea dhambi mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba kwa heshima wahashamu maaskofu wetu kwamba, pale inapowezekana, padri asipangiwe kisiwa peke yake, bali wapelekwe wawili. Sheria ya Kanisa yenyewe inahimiza mapadri waishi pamoja. Najua mapadri hawatoshi. Ndiyo maana sisi wa mjini, ambao misa ikitupita asubuhi tunaikuta ya jioni, tunapaswa kubeba sehemu yetu: mashine ya boti, mafuta yake, na jaketi okozi za kumtosha padri, katekista na nahodha. Hayo ni mambo ambayo parokia moja ya jijini inaweza kuyamaliza kwa harambee ya Jumapili mbili.

Katika jumuiya yetu nimependekeza sehemu ya michango ya jubilei iende kwenye parokia moja ya visiwani, na wenzangu wamekubali. Paroko wetu alipoelezwa, alisema gari alilonalo linamtosha, na kwamba baada ya Pasaka yuko tayari kwenda kukaa majuma mawili na mwenzake wa huko, mradi tumtafutie wa kumshikia zamu hapa.

Muumini,
Mbagala, Dar es Salaam