Jumba lililo mkabala na Norfolk

Nairobi

Somo yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi ndiyo inatuonea. Nimefurahi kusikia unawaleta wanafunzi wako wa drama waione Kenya National Theatre. Umeniomba habari zake, basi nakupa, lakini usiwaanzie na kuta. Kwa sura ni jengo la kawaida tu. Waanzie na nani alikuwa na ufunguo.

Lilifunguliwa Novemba 1952. Hali ya hatari, ya kuwazima wapiganaji wa Mau Mau, ilikuwa imetangazwa Oktoba 20 mwaka huohuo, watu wanakamatwa usiku na mchana, na mjini wakoloni wanajifungulia ukumbi wa kuigizia! Na tazama walipouweka: mkabala na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku. Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo kudai Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekuwa amekamatwa na wakoloni, aachiliwe, polisi wakaumiminia risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walifyatua zao.

Uhuru ukaja 1963, ila ratiba ya ukumbi haikupata uhuru siku hiyo. Kisa nikipendacho ni cha Oktoba 1976. Tamthilia mbili zilikuwa zinaandaliwa kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika kule Lagos: moja ya Francis Imbuga, nyingine ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Kuomba ukumbi, wakaambiwa umeshachukuliwa, kuna mchezo wa vichekesho wa kizungu na kundi la baleti kutoka Ufaransa. Wakavutana weee, mwishowe wakabanwa kwenye siku chache zilizobaki katikati.

Watu wakafurika. Ile ya Kimathi ilipokwisha, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, watazamaji wakainuka vitini wakawafuata, wakatoka nao nje wakicheza hadi barabarani, wanaelekea Norfolk. Polisi hawakulipenda hilo, wakawazuia. Ukifika, wasimamishe vijana wako pale mlangoni watazame ng'ambo. Ni kuvuka barabara tu, lakini umbali ule ulimtia mtu hofu.

Februari 1982 ikawa zamu ya watu wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, kutoka Limuru, wakulima na vibarua, na mchezo wao wa nyimbo kwa Kikuyu. Walikuta geti limefungwa na askari wamesimama. Wakahamia Chuo Kikuu hapo jirani, wakafanya mazoezi tu, na mazoezi yenyewe yakajaza watu usiku baada ya usiku mpaka nayo yakapigwa marufuku. Haikuishia hapo: ukumbi wao wa wazi kule kijijini, walioujenga kwa mikono yao, ulibomolewa. Mkoloni kukufungia mlango naelewa, ndiye aliyeujenga. Hawa wa 1982, serikali yetu wenyewe, mpaka leo wananishinda.

Ukarabati mkubwa ulifanywa, likafunguliwa tena Septemba 2015. Sasa taa na viti ni vya kisasa, na vikundi vya vijana wa hapahapa vinaigiza humo kwa Kiswahili, Kiingereza na hata Sheng. Bei ya kukodi ukumbi wanailalamikia, nami nawaunga mkono.

Nitumie tarehe ya safari mapema, niulizie kama mtaruhusiwa kupanda jukwaani mchana kabla ya maonyesho. Na waambie wabebe masweta.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rehema