Kwenu mabinti mnaoigiza: someni kwanza, picha baadaye

Wanangu,

Nimeudhika, sifichi. Juzi nimemwona binti akitia saini mkataba juu ya boneti ya gari, huku mwenzake anampiga picha za kurusha mtandaoni. Nikamuuliza, umeusoma? Akacheka: "Bibi, hawa ni watu wangu." Jioni kaweka picha ya Olivia de Havilland, yule nyota wa filamu za zamani za Hollywood, kasifia gauni. Gauni!

Basi sikilizeni. Mwaka 1936 wenye studio ya filamu ya Warner Bros. walimfunga Olivia kwa mkataba wa miaka saba. Kila alipokataa kucheza nafasi asiyoitaka, walimsimamisha bila mshahara, na muda huo wakauongeza mwishoni mwa mkataba. Ilipofika 1943, miaka saba imetimia, wakamwambia bado wanamdai miezi kama sita. Mwigizaji mwenzake, Bette Davis, alikwisha kuvutana na studio hiyo hiyo mahakamani London, akashindwa. Olivia hakutishika. Kulikuwa na sheria ya California isiyoruhusu mtu kufungwa na mwajiri zaidi ya miaka saba. Akaishika hiyo, akashtaki. Jack Warner, bosi wa studio, akaziandikia studio nyingine zisimpe kazi. Nyota mzima, karibu miaka miwili hana filamu! Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikaamua: miaka saba ni ya kalenda, hakuna cha kuongezwa. Mpaka leo waigizaji na wanamuziki wa huko wanaitumia sheria hiyo, na inaitwa kwa jina lake.

Tuzo zake mbili za Oscar kama mwigizaji mkuu, za filamu za 1946 na 1949, zote alizipata baada ya kesi, alipokuwa akijichagulia kazi. Hilo mbona hamliandiki chini ya picha?

Mengine kwa ufupi. Fikeni kazini mapema. Wekeni akiba. Pataneni na ndugu zenu; yeye na mdogo wake, Joan Fontaine, magazeti yaliula ugomvi wao miaka mingi.

Wala si ninyi peke yenu wa kulaumiwa. Sisi watazamaji tunajua msanii anatembea na nani, hatuulizi kama kalipwa. Waandishi nao vivyo hivyo.

Olivia alifariki Paris mwaka 2020, ana miaka 104. Binti wa boneti, mwanangu, nakala ya mkataba unayo? Kama huna, kaidai kesho asubuhi, umpelekee mwanasheria kabla hujaenda kurekodi.

Bibi yenu