Fomu 15G si ya mkazi wa Lubumbashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nisahihishe shauri linalozunguka hapa Lubumbashi miongoni mwa wafanyabiashara wenye asili ya India, kwamba mwenye akiba katika benki za huko akijaza fomu 15G, ambayo ni tamko la mwenye kipato kidogo kwa benki, hakatwi kodi kwenye riba yake. Nimetunza hesabu za maduka ya mji huu kwa miaka mingi, na shauri hilo limekwisha kumtia hasarani mteja wangu mmoja.

Benki za India hukata kodi kwenye riba ya amana kabla ya kumkabidhi mteja fedha. Katika mwaka wa fedha ulioanza tarehe 1 Aprili 2025, makato hayo yalianzia pale riba ya mwaka ilipozidi rupia 50,000, au rupia 100,000 kwa mwenye miaka 60 na kuendelea, kwa kiwango cha asilimia 10, na asilimia 20 kwa asiyeipa benki namba yake ya mlipakodi. Aliyeweka rupia 900,000 kwa riba ya asilimia 7 hupata 63,000, na benki huondoa 6,300, awe na pato lingine au asiwe nalo, kwa kuwa benki haina njia ya kulijua. Ndiyo maana sheria ya kodi ya mwaka 1961 ilimruhusu mwenye kipato kidogo kuiarifu benki kwa maandishi kwamba kodi yake ya mwaka mzima itakuwa sifuri: 15G kwa wasiofikia miaka 60, 15H kwa wazee.

Kwa hiyo anayetia sahihi haombi msamaha. Anaapa kuhusu pato lake lote, na akisema uongo sheria inataja kifungo na faini. Mwenye mshahara unaotozwa kodi hana haki ya kuijaza, hata riba yake iwe ndogo kiasi gani.

Linalosahaulika zaidi kwetu ni ukazi. Chini ya sheria hiyo ya 1961, fomu zote mbili zilikuwa za watu wanaohesabiwa na sheria ya kodi kuwa wakazi wa India. Mteja wangu, muuza vitambaa katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, alikuwa hakai India zaidi ya majuma matatu kwa mwaka, lakini kila Aprili binamu yake alimpelekea 15G benki, na karani akaipokea bila kuuliza. Asiye mkazi hutakiwa kuwa na akaunti ya wasio wakazi, na riba ya akaunti aina ya NRO, yaani akaunti ya kawaida ya wasio wakazi, hukatwa asilimia 30 pamoja na nyongeza zake. Ukweli ulipojulikana alidaiwa kodi ya miaka mitatu, na juu yake riba ya kuchelewa. Yaani alitozwa riba kwa kodi ya riba, jambo ambalo yeye hakuliona la kuchekesha.

Mama yake, mjane mwenye miaka zaidi ya 70 anayeishi Rajkot, India, yeye alikuwa na haki ya 15H chini ya sheria hiyo, mradi kodi yake iwe sifuri na aiwasilishe upya kila mwaka wa fedha. Akichelewa na benki ikakata, fedha hizo atazidai kwa idara ya kodi kupitia ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Kwa wale wa hapa ambao wamekwisha kupeleka 15G, nawasihi waiandikie benki leo, waeleze wanaishi wapi na waombe akaunti ibadilishwe, kabla hawajaandikiwa wao.

Mhasibu mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi