Maazimio bila wakaguzi hayatoshi

Mhariri,

Naandika kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Februari 8, 2025, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yakome mara moja na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Haikupita hata siku kumi, waasi wa M23 wakauteka mji wa Bukavu.

Vita hivi si vya Kongo peke yake tena. Burundi imepeleka askari wake mkoa wa Kivu Kusini, upande wa serikali ya Kinshasa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda linawasaidia M23, madai ambayo Kigali inayakanusha. Basi jumuiya hizo mbili ziweke wakaguzi wa pamoja mstari wa mbele, na kila anayevunja makubaliano atangazwe hadharani kwa jina, awe mwanachama au la.

Msomaji wenu,
Kigoma