Hanga la mabinti JKT liwe na komeo la ndani

Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako barua ya msomaji aliyewaasa wazazi wa vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wasiwafungashie kufuli, kwa kuwa jeshini watu huishi kwa kuaminiana. Kuhusu kufuli za masanduku namuunga mkono. Kuhusu mlango wa hanga, yaani bweni la makuruta, naomba nafasi nieleze yaliyonipata.

Nilikuwa kuruta mwaka 1989, kabla mafunzo hayo hayajasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kambi yetu sitaitaja. Siku ya pili afande alipita kitanda kwa kitanda na ndoo ya bati, akatuamuru tutumbukize humo kufuli zetu zote. "Hapa hakuna mwizi," alisema. "Mwenzako ndiye kufuli lako."

Nilikuwa na saa ya mkono ya marehemu baba, kitu pekee alichoniachia. Usiku ule nililala nayo ndani ya soksi. Kufika mwezi wa tatu ilikuwa ikining'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu, wazi, hata siku tulizoshinda shambani kutwa nzima. Haikuguswa. Binti wa Songea aliyelala kitanda cha chini ndiye aliyeitia ufunguo nilipokuwa lindo. Tulitoka kila mkoa, wengine hatukuwahi kulala chumba kimoja na mtu wa dini nyingine, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tunakata mche mmoja wa sabuni vipande sita. Nimekuwa mwalimu wa bweni kwa miaka mingi tangu hapo. Nimejaribu kuijenga hali ile kwa wanafunzi wangu, sijaifikia hata nusu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sielewi thamani yake.

Lakini mlango wa hanga letu haukuwa na komeo. Matundu ya skrubu yalionekana kwenye fremu, lilikuwepo, likang'olewa. Usiku mmoja, saa nane hivi, tuliamshwa na mwanga wa tochi. Mkufunzi wa kiume, peke yake, bila matroni, anapita katikati ya vitanda. Alisema anahesabu watu. Akasimama kwenye kitanda cha karibu na mlango, akakaa hapo muda ambao hakuna hesabu inayouhitaji. Baada ya siku tatu alirudi. Hatukumshtaki popote, maana shauri la kuruta lilianzia kwake yeye huyo. Tukawa tunasukuma tranka mbili nyuma ya mlango kila taa zikizimwa. Zilipokutwa hapo, hanga zima tulirushwa kichura kuzunguka uwanja wa gwaride, tukiambiwa kwamba hatuwaamini viongozi wetu. Binti wa kitanda kile cha mlangoni alikaa macho usiku kwa wiki nzima. Kwenye kwata alisinzia amesimama.

Mpaka leo nalifikiria neno lile, kwamba hatuwaamini. Tulioaminiana ni sisi tulioacha kufuli zetu. Mwenye tochi hakuwa ametia kitu chochote katika ndoo ile.

Ghala la silaha halikuwa mbali na hanga letu. Lilikuwa na kufuli mbili, mlinzi usiku kucha na neno la siri, na hata mkuu wa kikosi akipita usiku alisimamishwa ajitambulishe kwanza. Sijawahi kusikia ofisa akilalamika kwamba amedharauliwa. Huo nao ni utamaduni wa jeshi, tena wa zamani kuliko ule wa ndoo. Mabinti waliolala karibu na ghala hilo hawakustahili chini ya hapo.

Naomba komeo la ndani, wala si kufuli ya nje. Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mpya hapa Kilimanjaro wasichana 42 walipoteketea bwenini Shauritanga, Rombo. Mwaka 2001 kwa jirani zetu, Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Basi liwe komeo ambalo mtu aliyetoka usingizini analivuta gizani kwa mkono mmoja, na mlango ufungukie nje. Matroni alale humo humo hangani. Afande wa kiume, hata awe na cheo gani, agonge na asubiri matroni amfungulie, waingie pamoja. Na malalamiko dhidi ya mkufunzi yasipitie mikononi mwa mkufunzi. Kambi ambazo tayari zinafanya hivi nazishukuru kwa moyo wote, na nazisihi ziseme hadharani ili wazazi tujue.

Kitinda mimba wangu amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka. Anaripoti wiki ijayo. Nimemnunulia shuka mbili za buluu bahari kama walivyoagiza, pamoja na raba. Nimempa na saa ya babu yake, nikamwambia aitundike msumarini, wazi, wenzake waione. Kufuli sikumfungashia. Komeo la mlango siwezi kumfungashia. Hilo nawaachia wakuu wa vikosi.

Mama wa kuruta,
Moshi