Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi wetu, na vijana mliokuja mapema kupanga viti,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nitaeleza kazi yetu, sisi familia zenye ndugu magerezani, ilivyokwenda, na nianze na langu mwenyewe. Kwa miaka miwili, kila nilipoulizwa habari za mdogo wangu, nilijibu kwamba yuko Texas anaendesha lori. Mdogo wangu yuko hapa hapa Minnesota, Bayport, gereza la Stillwater. Najua wengi humu mna Texas yenu.

Nalisema hadharani kwa sababu mwaka huu aibu imetukwamisha kuliko wabunge. Mwezi wa tatu tulipata miadi na mbunge mmoja wa jimbo kule Saint Paul. Walijiandikisha watu kumi na wawili, wakafika watatu. Wengine walikuwa wametoka zamu ya usiku, wengine walihofia makaratasi yao ya uhamiaji, na kwa hali ya mwaka huu siwalaumu. Mbunge akauliza, "Sasa familia zenyewe ziko wapi?" Tukabaki kutazamana.

Yanayowezekana tumeyaona. Tangu Julai 2023 simu kutoka magereza ya jimbo la Minnesota ni bure. Connecticut walikuwa wametangulia. Mama aliyekuwa akichagua kati ya kadi ya simu na mafuta ya gari sasa anazungumza na mwanawe mpaka uji unaungua jikoni. Lakini sheria ile haikugusa jela za kaunti, na huko ndiko vijana wetu wanakokaa wakisubiri kesi, kabla hata hawajapatikana na hatia. Kule wengi bado mnalipa kwa dakika. Tume ya mawasiliano ya serikali kuu ilikuwa imeweka viwango vipya vya bei mwaka 2024, kisha mwaka huu ikaahirisha kuanza kwake, na baadaye ikavibadilisha viwango vyenyewe. Kwa hiyo tumeacha kuwasubiri Washington. Ombi letu kwa bunge la jimbo ni moja: kilichofanyika magerezani kifanyike na kwenye jela za kaunti. Ahadi hatujapata.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu tofauti ya siku moja tu ya kifungo. Zamani hapa Minnesota makosa ya kati, yale yaliyo chini ya felonia, yaani makosa makubwa, yalikuwa na kifungo cha juu cha siku 365. Hakimu angeweza kukupa mwaka na kuusimamisha wote, ukarudi kulala kwako. Kwa sheria ya uhamiaji, hata hivyo, umehukumiwa mwaka mzima, na kwa kesi ya wizi au ya kupigana hiyo yatosha kumfukuzisha nchini hata mwenye grinkadi, kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwaka 2023 bunge lilishusha kiwango hadi siku 364, na likasema hata hukumu za zamani zihesabiwe hivyo. Msifurahi mapema lakini: Uhamiaji si lazima waheshimu punguzo la kurudi nyuma. Mwenye hukumu ya zamani amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kusafiri au kuomba uraia. Na mwenye kesi mpya, asikubali kosa lolote kabla ya kumuuliza wakili wake litamgusaje kwenye makaratasi. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imesema wakili ana wajibu wa kumwambia. Mkalimani wa kwenye simu akitafsiri haraka haraka, mwambieni arudie.

Kuna na la Mama wa watoto watano, ambaye ameniruhusu kulisema bila jina. Alifika gereza moja na mjukuu, akakataliwa mlangoni. Fomu ya wageni ilikuwa na majina mawili, kitambulisho kina matatu, tena yamepinduliwa, kama yalivyoandikwa kwenye kambi ya wakimbizi. Mtoto alikuwa amebeba mchoro wa lori. Walirudi nao nyumbani. Tangu hapo katibu wetu anakagua fomu zote kabla hazijatumwa, na sijasikia aliyerudishwa tena kwa kosa hilo.

Mwezi wa tano ilitangazwa kwamba gereza la Stillwater litafungwa hatua kwa hatua hadi 2029. Lilifunguliwa 1914, na hakuna atakayelililia. Wasiwasi wetu ni wapi watapelekwa. Bayport naenda na kurudi kabla ya zamu. Nikiambiwa gereza la Moose Lake, mbali kaskazini, siku nzima imekwisha. Tumeiandikia idara ya magereza iangalie familia inakoishi inapomhamisha mtu. Jibu bado.

Juni 14 aliuawa nyumbani kwake Mheshimiwa Melissa Hortman pamoja na mumewe Mark. Ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo sheria hizi za 2023 zilipopita, na kwetu sisi wa Brooklyn Park alikuwa jirani. Baada ya taarifa hii tutasimama dakika moja.

Bunge linarudi Februari, nasi tutakwenda tena. Safari hii nataka kiti cha gari kisibaki wazi. Asiyetaka kupigwa picha hatapigwa. Nitasimama mimi mbele. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, karibu na birika la chai. Andikeni majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.